Kosa la Mume Wangu, na Nani Aliyeligundua

Mume wangu hakufukuzwa kazi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa, na lilisemwa hata siku ya maziko yake, hatua tatu nyuma ya kiti changu, na mwanamke ambaye asubuhi ile ile alikuwa amekunywa chai yangu. Ni jirani, mtaani tunamwita Mama Geti la Bluu. Alimwinamia mwenzake akasema, "Si ndiye yule aliyepika takwimu za dawa ya vidonda? Kituo kikamtimua." Mwenzake akaguna. Mguno ule ninao sikioni hadi leo.

Sikugeuka. Sikuona sababu ya kugombana mbele ya jeneza. Lakini nilifundisha Kiswahili miaka thelathini na minne, kumi na mmoja ya mwisho nikiwa mwalimu mkuu, na sijazoea kuacha kazi yenye makosa ipite bila kusahihishwa. Wanasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hili lipo nusu. Nusu ya pili imeibwa, na aliyeiba anajulikana.

Hakupika takwimu. Wala hakufa kwa fedheha, kama wengine wanavyopenda kumalizia hadithi yao. Alikufa kwa presha, ugonjwa ambao wagonjwa wake alikuwa amewahesabu kwa maelfu, huku vidonge vyake mwenyewe akivisahau juu ya friji. Aliyeolewa hahitaji maelezo zaidi.

Tulikutana katika chumba cha walimu. Yeye alifundisha hisabati, mgeni wa muhula mmoja, mwembamba, kola ya shati imefungwa hadi kifungo cha mwisho. Siku matokeo ya mtihani yalipobandikwa ukutani nilisimama karibu na birika nikijigamba kwamba wastani wa darasa langu umeyapita madarasa yote. Akainua kichwa kutoka kwenye madaftari.

"Hongera, mwalimu. Na wale wawili ambao hawakuja siku ya mtihani umewaweka wapi?"

"Hawakufanya mtihani. Nitawawekaje?"

"Si walikuwa darasani kwako mwaka mzima?"

"Walikuwa."

"Basi lazima wawe mahali fulani."

Chumba kizima kilicheka. Nilinuna siku nne. Ya tano niliwatafuta wale wawili, nikawapa mtihani ule ule, na wastani wangu ukashuka hadi nafasi ya tatu. Mwaka uliofuata tulioana. Mama yangu mkubwa aliponiuliza nimempendea nini mtu asiyejua hata kucheza muziki, nilimwambia, "Hadanganyi, mama." Akasema, "Utajuta." Sikujuta, ila kuna siku moja nilikaribia, na nitaieleza hapa hapa kwa sababu haifai mimi niwadai wengine ukweli huku wangu nimeukalia.

Baada ya miaka mitano ya ualimu alikwenda kusomea takwimu za tiba, akarudi na kuajiriwa katika kituo cha utafiti kilichojengwa nyuma ya hospitali. Watu walimwita daktari naye akawa anawakatalia. "Mimi ni mtakwimu. Wagonjwa wa daktari hufa. Wangu hupotea tu kwenye fomu." Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Daktari ana dawa mpya, anaamini inashinda ya zamani. Imani yake haitoshi. Wagonjwa wanapigiwa kura, nusu wanapata hii na nusu ile, wala mgonjwa wala muuguzi hajui nani kapata ipi. Mwisho wanahesabiwa. Mtakwimu ndiye anayepanga kura, ndiye anayehesabu, na ndiye anayemwambia mkubwa, mbele ya watu, kwamba mtoto wake mpendwa hakushinda. Mtu wa namna hiyo hapati marafiki wengi.

Wenzake walimpa jina la Desimali. Aliwahi kusimamisha kikao cha madaktari tisa kwa zaidi ya nusu saa kwa ajili ya nukta moja iliyokaa mahali pasipo pake. Walimcheka, wakamwita hivyo. Hakuna aliyekumbuka kuongeza kwamba nukta ile ingebaki pale, watoto wangepewa dawa mara kumi ya kipimo chao. Jina likabaki, sababu ikasahaulika. Ndivyo kituo kile kilivyozoea kumtendea.

Alikuwa na sheria aliyoiita mikono miwili. Jambo lolote kubwa lilipaswa kuandikwa na watu wawili, kila mmoja chumbani kwake, mlango umefungwa, bila kuonyeshana. Kisha karatasi mbili zinawekwa mezani na kulinganishwa. Mwenzake katika hilo alikuwa karani mkuu wa kumbukumbu, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, ambaye kila mtu alimwita Bi Koma kwa sababu hata risiti ya chakula aliisahihisha. Miaka kumi na minane walilinganisha karatasi zao, na wakikuta zinapingana, Bi Koma alikuwa akisema, "Mmoja wetu leo ana wazimu, tutafute ni nani." Walicheka, wakatafuta.

Sasa nafika kwenye dawa ya vidonda.

Ilikuwa marhamu, dawa ya kupaka, kwa wenye vidonda vya mguu visivyopona. Mkurugenzi wa kituo, ambaye tutamwita Profesa kwa sababu ndivyo anavyopenda kuitwa, aliitengeneza kwa miaka saba na alikuwa ameshaahidi watu kila mahali. Wagonjwa mia tatu na kumi na wawili walipigiwa kura. Mirija ya dawa ilifanana, imeandikwa A au B tu, na maana ya herufi hizo ilikuwa ndani ya bahasha iliyofungwa kwenye kabati la mfamasia. Kwenye kompyuta makundi yaliingizwa kwa namba, moja na mbili.

Siku ya kufungua bahasha ilikuwa Jumatano. Wageni wakubwa walikuwa wanawasili jioni ile ile kuja kusikia matokeo asubuhi ya Alhamisi. Profesa aliingia ofisini kwa Desimali, akamkuta Bi Koma anakusanya karatasi zake aende chumbani kwake kuandika mkono wa pili.

"Bi Koma, wewe nenda uwanja wa ndege. Dereva anahitaji mtu wa kushika bango la majina ya wageni."

"Profesa, tuna mikono miwili leo."

"Mikono yako nenda nayo, utashikia bango."

Alicheka mwenyewe. Bi Koma alimtazama mume wangu. Mume wangu akasema, "Nenda tu, dada. Nitaangalia mara mbili."

Hilo ndilo kosa. Ningeweza kulimwagia Profesa lote, na Mungu anajua nimejaribu, lakini mume wangu angeweza kusema hapana na hakusema. Aliyekuwa amesimamisha madaktari tisa kwa ajili ya nukta alimkubalia mtu mmoja kwa ajili ya bango.

Bahasha ilisema A ni marhamu ya zamani, B ni mpya. Yeyote angedhani kwamba A ndiyo moja na B ndiyo mbili. Naye, kwa mara ya kwanza katika kazi yake, alidhani. Orodha ya kura ilikuwa imeingizwa na Bi Koma miezi ishirini nyuma, na kwenye karatasi aliyopewa B ilitangulia, kwa hiyo B ndiyo iliyokuwa moja. Angekuwepo, mkono wake ungeandika kinyume, karatasi zingepingana, na wangetafuta ni nani ana wazimu. Hakuwepo. Alikuwa amesimama kwenye kizuizi cha chuma, kati ya madereva wa teksi, ameshika bango.

Alhamisi matokeo yakatangazwa: dawa mpya inaponya haraka zaidi. Kulikuwa na makofi, keki yenye umbo la mrija wa dawa, na picha ya pamoja kwenye ngazi za mbele. Mume wangu yuko kwenye picha hiyo, pembeni kushoto, hacheki, lakini yeye hakucheka kwenye picha yoyote, hata ya harusi yetu. Makala ikakubaliwa na jarida la tiba. Zahanati nne zikaanza kuitumia marhamu mpya.

Alikuwa na tabia nyingine ambayo hakuna aliyemlipa kwa ajili yake: alisoma pembezoni mwa fomu. Utafiti ukiisha, wenzake wakishahamia kwenye mwingine, yeye alirudi kwenye mafaili ya kijani akasoma yale ambayo wauguzi waliandika kwa mkono pale penye nafasi ndogo ya maoni. "Muuguzi akiandika mahali ambapo hakuombwa," aliniambia, "ujue ameona kitu." Wiki ya saba baada ya keki alikuta muuguzi mmoja ameandika, bandeji imegeuka njano, haitakati. Akakuta mwingine. Alipomaliza rafu alikuwa na fomu arobaini na moja za bandeji za njano, na zote, bila kukosa hata moja, zilikuwa kwenye kundi ambalo yeye alilitangaza kuwa la marhamu ya zamani.

Akashuka kwa mfamasia.

"Ile marhamu ya zamani umewahi kuona ikigeuza bandeji njano?"

"Miaka yangu yote hapa, sijawahi. Ile mpya ndiyo yenye rangi. Ikipigwa jua na sabuni inaganda hivyo. Kwani vipi?"

Mume wangu alimshukuru akatoka. Alikuja nyumbani saa nane mchana, saa ambayo sijawahi kumwona mlangoni. Mimi nilikuwa mezani nasahihisha. Aliketi mbele yangu na kuweka mikono juu ya madaftari ya watoto wa watu.

"Mama watoto, nimegeuza."

"Umegeuza nini?"

"Makundi. Ile iliyoshindwa nimeiita mshindi. Watu wanapakwa ile mbaya."

Ninaandika kilichofuata kwa sababu niliahidi. Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia wataona wenyewe baadaye, dawa itaachwa polepole kama dawa nyingi zinavyoachwa, na jina letu litabaki safi. Nilimkumbusha binti yetu yuko mwaka wa mwisho wa uuguzi, anabeba jina hilo hilo. Niliongea vizuri sana. Ndiyo kazi niliyosomea.

Alisubiri nimalize. Kisha akasema, "Wataonea wapi? Wataona kwenye miguu ya watu."

Nilichukua kalamu nikaendelea kusahihisha. 

Kesho yake alikwenda kwa Profesa akiwa na Bi Koma, na yaliyosemwa mle ndani ninayo kwa mdomo wa Bi Koma, ambaye hawezi kubadilisha hata nukta.

"Desimali, umechoka. Chukua likizo," Profesa alisema.

"Nikirudi makundi yatakuwa bado yamegeuka, Profesa."

"Nani anajua?"

"Sisi wawili, na wewe. Mfamasia ameanza kukisia."

"Basi wanatosha. Tutafanya utafiti mwingine kimya kimya, tutarekebisha."

"Na zahanati nne?"

"Zahanati niachie mimi."

"Umeachiwa wiki saba," Bi Koma akasema. Profesa akamwambia yeye ni karani. Akajibu, "Ndiyo, baba, na karani ndiye aliyekuwa na orodha siku uliyompeleka kushika bango."

Mume wangu hakugombana. Alirudi mezani kwake akaandika barua ya sentensi tatu. Ya kwanza: makundi yamegeuzwa katika hesabu, na kosa ni langu. Ya pili: ukaguzi wa mtu wa pili uliachwa siku hiyo ili kuwahi wageni, kwa agizo la mkurugenzi, nami nilikubali. Ya tatu: acheni kutumia marhamu mpya leo. Akaituma kwa jarida, kwa kamati ya maadili na kwa zahanati zote nne, kisha akazipigia zahanati simu moja baada ya nyingine mpaka kila moja ikathibitisha kwamba mirija imeondolewa kwenye trei. Nakala ya barua ninayo. Sentensi tatu tu, hakuna neno la kujitetea. Nilipoisoma niliona aibu kwa ufasaha wangu wa jana yake.

Nanyi mlisoma nini magazetini? Mlisoma taarifa ya kituo. Ilisema, "Uongozi umebaini kasoro za kitakwimu katika utafiti wa marhamu, na hatua zimechukuliwa dhidi ya mhusika." Uongozi umebaini! Uongozi ulikuwa umebaini keki. Kutokana na maneno hayo mtaa ukajipikia ulichotaka: kasoro ikawa udanganyifu, hatua ikawa kufukuzwa, na mhusika akawa mume wangu peke yake. Debe tupu haliachi kuvuma, na lile lilipigwa na mtu mwenye digrii nne.

Walichomfanyia kwa kweli ni hiki. Akufukuzaye hakwambii toka. Walimhamisha kutoka ghorofa ya pili wakamweka chini, chumba kilichopakana na stoo ya vitanda vibovu, dirisha linatazama ukuta. Feni haikuwepo. Simu haikuungwa. Hakupewa tena utafiti. Profesa alipopita kwenye korido alisalimia ukuta. Alikaa mle miaka sita hadi kustaafu, kila siku na shati lililopigwa pasi, na nilipomwuliza kwa nini haondoki alisema, "Nikiondoka watasema nilikimbia." Basi walisema hivyo hivyo.

Kitu ambacho Profesa hakukitarajia ni foleni. Wanafunzi wa udaktari walianza kushuka kule chini na data zao, wakikaa juu ya vitanda vibovu kusubiri zamu. Walisema ukitaka kusifiwa panda juu, ukitaka kuambiwa ukweli shuka stoo. Mume wangu alimfundisha kila mmoja mikono miwili, akamsimulia na kosa lake yeye mwenyewe, lote, kuanzia bango. Nilimkataza. "Unajianika bure." Akasema, "Likifichwa halimfundishi mtu."

Wale waliokuja kuzika, waliojaza viti vya plastiki hadi vingine vikaazimwa kwa jirani mwenye geti la bluu, ndio wanafunzi hao.

Nisingeandika haya kama si kitabu. Mwezi uliopita kituo kilimtuma afisa uhusiano wake nyumbani kwangu, kijana wa watu, mpole, na rasimu ya kitabu cha historia ya kituo. Walitaka picha ya marehemu na saini yangu. Nilivaa miwani nikasoma ukurasa wa hamsini na tatu: kasoro zilizosababishwa na mtakwimu wa zamani ziligunduliwa na uongozi na kurekebishwa mara moja.

Nikachukua kalamu nyekundu. Ninayo bado.

"Mwanangu, nani aligundua?"

"Mama, mimi nimeandika nilichopewa."

"Sikukuuliza umepewa nini. Nani aligundua?"

Akatazama viatu vyake. "Wazee wa kule wanasema ni mzee mwenyewe."

"Basi andika. Kosa lake liache lilivyo, sitaki mlipunguze hata kidogo. Na aliyeligundua ni yeye. Na bango liingie."

"Bango, mama?"

"Bango."

Aliondoka na ukurasa uliojaa wino mwekundu. Baada ya siku kumi akapiga simu, sauti imenywea. "Mama, wakubwa wanasema, ili kuepusha maneno, wanaweza kumtoa kabisa. Kosa lisitajwe, naye asitajwe. Jina la familia linabaki safi. Unaonaje?"

Niliyajua maneno yale. Yalikuwa yangu, ya saa nane mchana ule, mezani kwangu. Yalichukua miaka mingi kunirudia na yalirudi kupitia simu ya afisa wa kituo.

Binti yetu sasa ni muuguzi mkuu wa wodi. Aliposailiwa kwa nafasi hiyo aliulizwa kama ni mtoto wa yule. Akasema ndiyo, na akawaeleza yote kuanzia bango. Alipata kazi. Nilipomweleza habari ya simu alisema tu, "Mama, ungemwambia baba anyamaze tena?"

Nilimpigia afisa nikamwambia hapana. Nikamwambia familia hii haisafishwi kwa kufutwa.

Kitabu kimetoka. Hawakuandika nilichosahihisha, wala yeye mwenyewe hawakumwacha humo. Utafiti wa marhamu haumo. Ila picha ya ngazini imo, imekatwa upande wa kushoto, na aliyeikata hakuwa fundi: ukingoni mwa ukurasa kimebaki kiwiko chenye mkono wa shati uliofungwa kifungo. Ni chake. Vifungo vile nilivishona mimi.

Basi hiyo ndiyo nusu iliyoibwa. Alikosea, aligundua, na kesho yake akasema, wakati wenzake walikuwa bado wanajisifia ile keki. Anayebisha aende kwa Bi Koma, lakini aende na kalamu.

Profesa ameniandikia akitaka tuonane tuyamalize kifamilia. Mwandishi wa gazeti amepiga simu mara mbili akiulizia barua ya sentensi tatu. Mama Geti la Bluu jana alisimama kwenye uzio akaanza, "Jirani, kwani ilikuwaje hasa…" Nawajibu wote pamoja: nilichotaka kusema nimekisema. Barua sitoi. Sionani na mtu. Siongezi neno.